Mtoto Anajifunza Nini Akicheza Rede, Kombolela na Kamba? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wazazi na walezi huyarudia kila muhula: katika kikao cha wazazi, getini wakati wa kumchukua mtoto, na mara nyingine kwa ujumbe wa simu usiku, baada ya mtoto kurudi nyumbani sare imejaa vumbi. Mifano mingi imetoka katika michezo ya mitaa na shule za Tanzania, na michache imetoka Kenya. Majibu yameandikwa na mwalimu wa darasa la awali.

## Mambo ya msingi

Mnaposema michezo ya mwendo, mna maana ya michezo gani?

Ni michezo inayoushughulisha mwili mzima na yenye kanuni, hata kama kanuni hizo hazijaandikwa popote. Rede, kombolela, kidali po, kuruka kamba, ukuti ukuti, nyama nyama, kuendesha ringi na chandimu, yaani soka la mtaani, zote zimo. Huko Kenya watoto wana kati, ambayo ni ndugu wa rede, wana brikicho ya kujificha na kutafutana, na wana blada, ambapo ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya gurudumu huzungushwa miguuni mwa watoto wawili na wa tatu huuruka, huku ukipandishwa kutoka kifundoni hadi gotini, kisha kiunoni. Mdako na gololi zinakaa ukingoni mwa kundi hili, kwa kuwa kazi yake kubwa ni ya mkono na jicho.

Hatuna maana ya mazoezi ya viungo ambapo mwalimu husimama mbele na kuhesabu huku watoto wakimfuatisha. Hayo yana faida yake, lakini ndani yake mtoto hana uamuzi wowote wa kufanya.

Mtoto anajifunza nini hasa kwa kukimbia huku na huko?

Mtazame mtoto wa miaka sita aliyejibanza nyuma ya pipa la maji katika kombolela, mchezo wa kujificha ambapo anayelifikia kopo kabla ya kukamatwa huwakomboa wenzake. Anayetafuta yuko karibu na kopo, ametega sikio. Mtoto anapima kwa macho umbali kutoka pipani hadi kopo lilipo, anaangalia mwenzake ameelekeza uso wapi, anakumbuka kwamba dada yake na mtoto wa jirani wameshakamatwa na wanamngoja awakomboe, anazuia kicheko, anazuia hata pumzi. Kisha anaamua. Katika nusu dakika hiyo ametumia kumbukumbu, makadirio, subira na uwezo wa kusoma nia ya mtu mwingine, na bado hajapiga hatua hata moja. Mbio zinazofuata ndizo tunazoziona sisi wakubwa na kuziita kukimbia huku na huko.

Kwa hiyo mafunzo ni ya mwili, ya akili na ya kuishi na wenzake kwa wakati mmoja. Ukurasa huu umeyatenganisha kwa ajili ya kueleza tu, uwanjani hayatengani.

Mtoto anatakiwa acheze kwa muda gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili, zikigawanywa kutwa nzima, na kwa mwenye miaka mitatu au minne, dakika 60 kati ya hizo ziwe za shughuli inayompandisha pumzi. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kiasi hadi ya nguvu, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli za kuimarisha misuli na mifupa, kama vile kuruka.

Dakika hizo si lazima zifuatane. Robo saa kabla ya kengele, nusu saa ya mapumziko na jioni kidogo baada ya kuoga au kabla yake, tayari ameshafika.

Kipindi cha michezo shuleni hakitoshi?

Piga hesabu. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, hata visipoliwa na somo lingine, ni dakika 80, ilhali dakika 60 kwa siku kwa siku saba ni 420. Zaidi ya hapo, darasa la watoto 60 lenye mpira mmoja lina watoto wengi waliosimama kwenye foleni wakingoja zamu. Kipindi kilindwe, lakini mapumziko na jioni ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa.

## Mwili

Kwa nini walimu wa awali wanaisifu sana rede?

Kwa sababu ni vigumu kupata mchezo mwingine unaodai mambo mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho. Watoto wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira laini wa soksi au matambara ili wampige aliye katikati, naye anakwepa. Katika mitaa mingi aliye katikati ana kazi nyingine pia: kuna chupa tupu chini, naye anatakiwa aijaze mchanga bila kupigwa na mpira.

Angalia kinachotokea. Mtoto anachuchumaa, kiganja kimekusanya mchanga, mdomo wa chupa ni mwembamba na mchanga mwingi unamwagika pembeni. Hawezi kuitazama chupa kwa muda mrefu, kwa maana mlengaji ameshainua mkono. Anaruka, anageuka nusu mzunguko akiwa hewani, anatua akiwa amemwelekea mlengaji wa pili, kisha anarudi kwenye chupa. Kila mgeuko unaushughulisha mfumo wa mizani ulio katika sikio la ndani, ambao huujulisha ubongo kichwa kimeelekea wapi, nao ubongo hujifunza kuoanisha taarifa hiyo na ile ya macho na ya misuli ya miguu. Hivyo ndivyo uwiano wa mwili unavyojengwa, kwa kuupoteza na kuurudisha mara nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo huchelewa kuonekana. Mchezaji mgeni hutazama mpira. Mzoefu hutazama bega na kiwiko cha anayerusha, naye huanza kuondoka kabla mpira haujaachwa mkononi. Hakuna aliyemfundisha hivyo kwa maneno.

Na kuruka kamba, au blada?

Hapa funzo kubwa ni mapigo. Wawili wanazungusha kamba, na mtoto anayetaka kuingia husimama pembeni akiyumba mbele na nyuma, akiuchukua mdundo kwa mwili wake wote kabla ya kujitosa. Akiingia mapema kamba inamnasa miguuni, akichelewa inampiga begani. Anayezungusha naye anajifunza, kwa kuwa lazima alingane na mwenzake wa upande wa pili.

Kwa mifupa, kuruka na kutua ni chakula. Mfupa wa mtoto unaokua huongezeka uimara unapobebeshwa mshtuko mdogo wa mara kwa mara, na ndiyo sababu mwongozo uliotajwa katika swali la muda wa kucheza unaweka shughuli za kuruka peke yake.

Mtoto wangu ana miaka minne, hawezi kudaka mpira wala kuruka kwa mguu mmoja. Je, amechelewa?

Huenda hajachelewa hata kidogo. Kuruka kwa mguu mmoja mara kadhaa mfululizo huja kwa watoto wengi kati ya miaka minne na mitano, na kudaka mpira mdogo kwa viganja, bila kuukumbatia kifuani, huja baadaye zaidi. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa, na inategemea sana kama amepata nafasi ya kujaribu. Anza na mpira mkubwa na laini, umrushie kutoka karibu, polepole.

Mpeleke kwa mhudumu wa afya akiwa amepoteza uwezo aliokuwa nao, akiwa anatumia upande mmoja wa mwili na kuuacha mwingine, au akiwa huanguka mara nyingi zaidi kadiri miezi inavyokwenda.

Ni kweli kwamba kucheza nje kunalinda macho?

Ni kweli kwa tatizo moja, la kutoona mbali. Katika jiji la Guangzhou nchini China, shule zilichaguliwa kwa bahati nasibu na baadhi zikaongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu watoto waliopata tatizo hilo walikuwa kama asilimia 30 katika shule hizo na kama asilimia 40 katika nyingine. Kinachoelekea kusaidia ni mwanga wa nje. Mtoto ambaye tayari haoni ubao anahitaji miwani, na mchezo hautaiondoa haja hiyo.

## Akili na masomo

Nyama nyama ni kelele tu. Inamfundisha nini?

Huu ndio mchezo ambao ningeutetea mbele ya mkaguzi yeyote. Kiongozi anaita, watoto wanaruka na kuitikia "nyama!" kila anapotaja mnyama anayeliwa. Ng'ombe, nyama! Mbuzi, nyama! Kuku, nyama! Kisha, kwa sauti ile ile na kasi ile ile: fisi. Atakayeruka ametoka.

Mwili tayari umeshapata mazoea ya kuruka, mdomo umeshafunguka, na ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho mtoto lazima asikie neno, alipime, na auzuie mwili wake mwenyewe. Uwezo huo wa kujizuia ndio anaoutumia darasani anapotaka kujibu kabla ya swali kwisha, na ndio atakaoutumia siku ambayo mpira utaingia barabarani. Nimeona mtoto wa miaka mitano aliyeziba mdomo kwa mikono miwili baada ya kusikia "paka", magoti yamekunjwa tayari, mwili mzima unatetemeka kwa juhudi ya kutoruka. Hakuna karipio linaloweza kumfundisha jambo hilo kwa ukamilifu ule.

Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alieleza jambo hili mwaka 1933: katika mchezo mtoto hukubali kwa hiari kutii kanuni inayopingana na tamaa yake ya papo hapo, kwa sababu utamu wenyewe unatokana na kuitii. Katika miaka ya 1940 watafiti wa huko huko walionyesha kwamba watoto wadogo waliweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu zaidi walipokuwa wakiigiza mlinzi kuliko walipoambiwa tu wasimame.

Je, michezo hii inasaidia kusoma na kuhesabu?

Inasaidia kwa kiasi, na ni vema tusiitwishe zaidi ya uwezo wake. Mtoto anayehesabu miruko ya kamba hadi 50 anaifahamu idadi kwa miguu yake. Anayechomoa kete shimoni katika mdako, akibakiza moja na kurudisha nyingine kabla kete ya juu haijaanguka, anajumlisha na kutoa bila kuambiwa kwamba hiyo ni hesabu. Michezo ya kuimba na kuitikiana humzoesha kusikia silabi na vina. Lakini hakuna mchezo utakaomfundisha mtoto herufi kwa niaba ya mwalimu. Unachofanya ni kumleta darasani akiwa na mwili uliotulia na akili inayoweza kungoja.

Mtihani uko karibu na kuna tusheni. Tusiweke michezo kando kwanza?

Naielewa hofu hiyo, maana mzazi anayeuliza hivi mara nyingi amejinyima ili alipe ada ya tusheni. Hata hivyo, mtoto wa darasa la nne aliyekaa tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni haongezi maarifa kwa kukaa saa nyingine mbili, anakaa tu. Ukipunguza, punguza televisheni na simu. Jioni moja ya chandimu haimgharimu mtoto mtihani.

## Kuishi na wenzake

Kila wakicheza wanagombana. Niingilie?

Ngoja kwanza. Mabishano ya "nimemgusa" na "hajanigusa" yanawasumbua watu wazima, lakini ndiyo shule yenyewe. Jean Piaget, aliyechunguza watoto wa Uswisi wakicheza gololi, alieleza mwaka 1932 kwamba watoto wadogo huziona kanuni kama amri iliyoshuka kutoka kwa wakubwa na isiyoguswa, ilhali wanapokaribia miaka kumi na zaidi wanaelewa kwamba kanuni ni makubaliano yao wenyewe, yanayoweza kubadilishwa wote wakiridhia. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili hakuna njia ya mkato. Ni kubishana, kuharibu mchezo, kuona kwamba sasa hakuna anayecheza, na kurudi.

Ingilia pale mtoto anapopigwa, anapotukanwa kwa umbile au familia yake, au anapofukuzwa kila siku. Na ukiingilia, usitoe hukumu mara moja. Uliza: "Mlikubalianaje mwanzoni?" Mara nyingi utagundua hawakukubaliana chochote, na swali hilo litawatosha.

Mwanangu hakubali kushindwa. Analia, kisha anaondoka na mpira.

Mpira ukiwa wake, nguvu hiyo ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka saba. Nyumbani, cheza naye michezo mifupi ambayo kutolewa hudumu dakika moja tu, ili aonje kwamba kutoka si mwisho wa mambo. Kombolela inafaa sana hapa, kwa kuwa aliyekamatwa ana tumaini la kukombolewa na anabaki kumshangilia mwenzake. Michezo ambayo anayetoka kwanza hukaa nje hadi mwisho ina kasoro moja: anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeyapata kidogo zaidi. Darasani mimi humrudisha aliyetoka baada ya watatu wengine kutoka.

Je, ni sawa wadogo kucheza na wakubwa?

Ni sawa na ni vizuri, na mitaa yetu imekuwa ikifanya hivyo siku zote. Mdogo wa miaka minne huruhusiwa kukimbia pamoja na wengine bila kuhesabiwa, akiguswa, hatolewi. Anajifunza kwa kutazama kutoka ndani. Mkubwa naye anajifunza kupunguza nguvu ya mkono anapomrushia mdogo, jambo ambalo asingelijifunza akicheza na wa rika lake peke yao.

Je, wasichana wacheze chandimu na wavulana waruke kamba?

Ndiyo. Mifupa, mizani na uwezo wa kujizuia havina mchezo wa kike wala wa kiume. Kinachowapunguzia wasichana mchezo mara nyingi ni kazi za nyumbani zinazowangoja jioni ile ile ambayo kaka zao wako uwanjani, na hilo liko mikononi mwa mzazi.

## Hali za pekee

Ninaogopa ataumia.

Ataumia kidogo, karibu kwa hakika: goti lililochubuka, kidole kilichojikwaa. Kagua uwanja badala ya kuufunga. Ondoa chupa zilizovunjika, mabati na misumari, funika shimo la maji taka, hakikisha mpira wa rede ni laini.

Niliwahi kufundisha katika shule moja iliyopiga marufuku kukimbia wakati wa mapumziko baada ya mtoto kuvunjika mkono. Hofu ile ilitoka kwenye moyo mwema. Lakini watoto hawakuacha kukimbia. Walihamia ngazini na nyuma ya vyoo, ambako hakuna mwalimu aliyewaona na sakafu ilikuwa na maji. Tulichukua muda mrefu kuwarudisha uwanjani.

Tunaishi ghorofani na hakuna uwanja.

Korido ya mita nne inatosha kwa nyama nyama, kwa ukuti ukuti wa watu watatu, na kwa kurusha soksi zilizoviringishwa kwenye beseni. Hata hivyo, hayo yasichukue nafasi ya nje kabisa. Majirani wakikubaliana, mzazi mmoja anaweza kuwasindikiza watoto wa ghorofa nzima kwenye eneo la wazi kwa zamu.

Mtoto wangu ana ulemavu. Atacheza vipi?

Anza na mchezo wenyewe, uulize ni kanuni ipi inayomzuia, kisha ibadilishe hiyo tu. Mtoto asiyeona anaweza kucheza na mpira wa makaratasi uliotiwa kizibo kinacholia. Anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuwa mlengaji katika rede, lakini asiwekwe huko siku zote. Aingie katikati pia, na walengaji waviringishe mpira chini. Wape wenzake kazi ya kutafuta mabadiliko hayo. Watoto hubuni kanuni kwa wepesi, na kanuni waliyoitunga wenyewe huilinda.

Vipi kuhusu mwenye pumu au selimundu?

Wengi wenye pumu iliyodhibitiwa vizuri wanaweza kucheza, mradi dawa ya kuvuta iwe karibu na mwalimu ajue inatumikaje. Mwenye selimundu anahitaji maji mara kwa mara, mapumziko kabla hajachoka kabisa, na kuepushwa na jua kali na baridi ya ghafla. Mpango wake upangwe na daktari anayemtibu. Wote wawili waruhusiwe kupumzika bila kuomba ruhusa mbele ya kundi.

Mtoto yeyote anayezimia au kupata maumivu ya kifua akiwa anakimbia, au ambaye midomo yake hubadilika kuwa ya bluu, aache mchezo na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Tunaishi Ulaya na watoto wanakisahau Kiswahili. Je, michezo hii inaweza kusaidia?

Inaweza, kwa sababu ndani ya mchezo neno lina kazi ya haraka. Katika nyama nyama, mtoto asiyelijua neno "nguruwe" au "kanga" atasita, na wenzake watamwona. Kesho yake atauliza kabla ya kucheza. Mpe nafasi ya kuwa kiongozi pia, maana anayeita majina ya wanyama lazima ayatafute mwenyewe kichwani, tena haraka, huku wote wamemkodolea macho magoti yakiwa yamekunjwa.